Ndoo kwa Moto Usiokuwapo

"Bibi, mbona saa yako inadanganya?"

Nyla alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo, amekaa jikoni miguu ikining'inia, mdomo umejaa mkate wa mahindi. Wiki ile shuleni walikuwa wamefundishwa kusoma saa ya mishale, na kila saa aliyokutana nayo aliisoma kwa sauti kama tangazo. Saa ya jiko ilisema kumi na mbili jioni. Simu ya baba yake ilisema vivyo hivyo. Saa ya bibi yake pale ukutani, ile ya mbao yenye kioo kilichopasuka pembeni, ilisema saa moja bila haya.

Bibi Verlene Gaines hakugeuka. Alikuwa anakoroga sufuria la mboga za majani na nyama ya moshi.

"Kula," alisema.

"Nakula, Bibi. Nimeuliza tu..."

"Basi kula umefunga mdomo."

Nje, king'ora cha mji wa Wexley kikaanza kulia. Kilianza chini kama mtu anayeguna, kikapanda mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Bibi aliacha upawa ndani ya sufuria, akafuta mikono, akasimama wima katikati ya jiko kama mtu anayesubiri kupigwa. Kiliponyamaza, akaendelea kukoroga.

Kuna maswali ya kujibiwa na maswali ya kumezwa. Nyla alilimeza lile pamoja na mkate, lakini halikushuka vizuri. Vipande vya habari alivipata miaka iliyofuata, kimoja kwa baba yake, kingine kanisani, vingi kwa Bibi mwenyewe, siku ambazo hasira ilimzidi nguvu akashindwa kunyamaza.

*

Verlene alizaliwa Mill Bottom, ng'ambo ya mto, kwenye bonde ambalo mto ukifurika ndilo la kwanza kunywa maji. Watu wote wa Mill Bottom walikuwa weusi. Wexley ilikuwa juu kilimani, na watu wote wa Wexley walikuwa weupe. Jambo hilo halikutokea kama mvua inavyotokea. Lilitengenezwa. Kati ya miji hiyo miwili palikuwa na daraja moja, na mwisho wa daraja, upande wa Wexley, palisimama ubao uliomwonya mtu mweusi, kwa jina ambalo Bibi Verlene haruhusu litajwe mezani kwake, kwamba jua lisimkute pale likizama.

Asubuhi wapishi, wafuaji, walezi wa watoto na waashi wa Mill Bottom walivuka daraja kwenda kuifanyia Wexley kazi. Jioni walivuka kurudi. Wexley ilipenda chakula chao, mashuka yao yaliyonyooshwa na kuta zao zilizonyooka. Jasho lao ilikuwa inalitaka sana. Haikutaka tu lilale pale.

Baba yake Verlene, Orrin Tolliver, alikuwa mwashi. Ndiye aliyepanga matofali ya kituo cha zimamoto cha Wexley, jengo zuri kuliko yote mjini, lenye ngazi za matofali mbele na tao juu ya mlango. Alipolimaliza, wakuu wa mji walimpa mkono. Kisha wakapandisha king'ora juu ya paa lake. Kikilia wakati mwingine wowote, kulikuwa na moto. Kikilia saa kumi na mbili jioni, maana yake ni moja: mtu mweusi, ondoka.

Hebu mtu afikiri. Walimfanya ajenge kwa mikono yake mahali pa kuwekea sauti ya kumfukuza.

Kila siku alasiri Verlene, wakati huo binti wa miaka kumi, alimsubiri baba yake kwenye daraja, upande wa Mill Bottom, ampokee mwiko wa uashi.

"Nani huyu mrembo anayesubiri mzee aliyechakaa?" Orrin angesema.

"Fundi mkuu. Lete mwiko, kijana."

"Fundi mkuu, mshahara wangu wa leo uko wapi?"

"Umeshaula mchana. Nilikuona."

Wangecheka hivyo mpaka nyumbani.

Sasa, Aprili ya mwaka wa hamsini na saba, baraza la mji wa Wexley liliamua kufuata saa za kiangazi, mtindo wa kubadili saa msimu wa joto ili jioni ibaki na mwanga. Siku hizo kila mji ulijiamulia. Wexley ikasogeza mishale yake mbele saa moja, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Mill Bottom ilibaki pale pale jua lilipo. Tangazo lilitolewa kwenye gazeti la Wexley na kusomwa kwenye makanisa ya Wexley. Ng'ambo ya mto hakwenda mtu.

Jumatatu asubuhi wapishi walifika kazini wakakaripiwa kwa kuchelewa, na hapo ndipo walipojua. Kila mmoja akashika hesabu yake kichwani: leo king'ora kitalia jua likiwa bado juu, tutoke mapema. Waliambizana jikoni kwa jikoni, uani kwa uani. Lakini Orrin siku ile alikuwa peke yake juu ya paa, anakarabati bomba la moshi la nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamesafiri. Hapakuwa na mtu wa kumkaripia.

Verlene alikuwa ndiyo kwanza amefika darajani. Aliwashangaa akina mama wakivuka mbio mbio, vikapu vikiwagonga nyonga, wakati jua bado linachoma. Hattie Bivens, mpishi aliyekuwa jirani yao, alisimama ghafla mbele yake.

"We Verlene, baba yako kashapita?"

"Bado, shangazi. Si bado saa nzima?"

"Nani kamwambia?"

"Kamwambia nini?"

Hattie aligeuka kuwatazama wenzake. "Nani kamwambia Orrin?" Kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

Hapo king'ora kikalia.

Yaliyotokea ng'ambo, Orrin aliyasimulia mwenyewe, mara moja tu. Alikisikia king'ora, akalitazama jua, akaona muda wa kuondoka haujafika. Basi ni moto. Mtu angefikiria nini kingine? Moto umezuka mahali, na watoto wa watu wanaweza kuwa ndani. Alishuka paani, akabeba ndoo yake ya maji ya kukorogea saruji, akakimbia. Hakukimbilia darajani. Alikimbilia kituo cha zimamoto, maji yakimwagikia viatuni, na alipofika akawakuta wanaume watano wamekaa kwenye ngazi zake.

"Moto uko wapi?" aliuliza akihema.

Walimtazama. Mmoja akaanza kucheka.

"Jamani, anauliza moto uko wapi."

"Mwambie."

"Moto ni wewe."

Mkono wake wa kulia waliulaza juu ya ngazi ya matofali aliyoyapanga mwenyewe, wakauvunja kwa mpini wa shoka la zimamoto. Shoka lililonunuliwa kuokolea watu.

Verlene alimwona akija darajani polepole, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika ndoo tupu. Kwa kuwa alikuwa mtoto na hakujua afanye nini, alinyoosha mkono wake kama siku zote kupokea mwiko. Baba yake akampa ndoo. Siku hiyo hapakuwa na utani.

Mama yake, Lucinda, alikwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

"Ilitangazwa gazetini," mkuu wa polisi alimwambia.

"Gazeti hilo halivuki daraja, bwana."

"Basi mngevuka kulisoma."

Hivyo tu. Kesi ikaishia hapo, faili halikufunguliwa. Lucinda alirudi nyumbani, akapanda kiti chini ya saa ya ukutani, akasogeza mshale mbele saa moja. Vuli ilipofika Wexley wakarudisha zao nyuma. Yeye hakugusa yake. Tangu hapo, kila waliposogeza zao, naye aliisogeza yake ibaki imewatangulia saa moja.

Orrin hakupanga tofali tena maisha yake yote. Alifagia kanisa kwa mkono wa kushoto.

*

Verlene alikua, akarithi saa na ndoo. Aliendesha basi la shule ya wilaya kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo basi lake halikuchelewa hata siku moja. Lilifika mapema mno. Watoto walitoka nyumbani na mkate mkononi na kiatu kimoja mguuni.

"Mama Verlene, hata jogoo wetu bado!"

"Jogoo wenu mvivu. Panda."

Aliolewa na Roscoe Gaines, fundi wa matrekta, mtu mpole aliyezoea kufika kwenye harusi kabla ya viti. Watoto wao walipoanza shule, wakaamua kutafuta nyumba Wexley. Wakati huo sheria ilikuwa imebadilika. Ubao wa darajani ulikuwa umeng'olewa, watu wanasema mtu aliupeleka nyumbani kwake kama kumbukumbu. Kwa simu, dalali mmoja, Bwana Pickard, aliwaambia kwa furaha kwamba ile nyumba ya vyumba vitatu iko wazi, waje waione alasiri. Kisha akauliza wanatoka wapi. Verlene akajibu, Mill Bottom. Furaha ikapungua kidogo kwenye waya.

Walifika saa moja kabla. Wakamkuta Bwana Pickard uani, koti kalitundika kwenye uzio, nyundo mkononi, misumari miwili mdomoni, anapigilia kibao kilichoandikwa "Imeuzwa."

Alipowaona alitema misumari.

"Mmekuja mapema."

"Naam," alisema Verlene. "Tusingekuja mapema tungekikuta kimeshasimama, tungekuamini."

"Mama, nasikitika sana, nyumba imechukuliwa asubuhi hii hii."

"Na nani?"

"Siruhusiwi kutaja wateja."

"Kazi ngumu hiyo. Nikushikie kibao, au utaweza mwenyewe?"

Roscoe alimvuta mkono. Wiki mbili baadaye kibao kile kiliondolewa, na nyumba ile ile ikatangazwa tena kuwa inauzwa. Roscoe, yule mpole, alipiga ngumi mlango wa gari mpaka ukabonyea. Hakuwahi kuunyoosha. Wakajenga Mill Bottom, bondeni, maji yakawa yanaingia sebuleni kila baada ya miaka michache.

Watu wengine husema, mbona weusi hawaishi Wexley, labda hawapendi. Bibi Verlene akisikia maneno hayo huinuka mezani.

*

Aliyefaulu kuingia Wexley alikuwa mwanawe Lamont, baba yake Nyla, miaka mingi baadaye. Roscoe alipofariki na nyonga ya Verlene ilipoanza kumsumbua, Lamont akamchukua mama yake akae nao. Alikuja na sanduku moja, ndoo moja, na saa imefungwa blanketi.

Wiki ya kwanza alikuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anatembeza mbwa, alisimama akatabasamu.

"Unafanya kazi nzuri. Kwa nani hapa?"

"Kwa mwanangu," alisema Bibi Verlene. "Na halipi, mkorofi."

Jirani akawa mwekundu kama nyanya. Bibi akaendelea kumwagilia, na kwa bahati mbaya, au si bahati mbaya, akamwagilia na mbwa.

Ila king'ora hakikuwa cha kufanyia mzaha. Kililia kila jioni, saa ile ile, kutoka paa lile lile.

"Mama, siku hizi ni cha zimamoto tu," Lamont angesema. "Ni mazoea. Wala hawajui."

"Mimi je, sijui?"

"Tumehamia hapa ili tuishi, Mama. Si ili tugombane."

"Kwani nimegombana na nani? Nimesimama jikoni kwangu."

Halafu, Nyla alipotimiza miaka kumi na sita, radi ilipiga king'ora, kikafa. Kiangazi chote mji ulikuwa kimya. Jioni zile Bibi Verlene alikoroga sufuria lake bila kuacha. Mara moja Nyla alimsikia akiimba, akasimama mlangoni asimkatize. Hakuwahi kumsikia akiimba jikoni wakati kama ule.

Mwezi wa tisa likatoka tangazo: baraza la mji litapiga kura, Alhamisi saa moja jioni, kununua king'ora kipya. "Kulinda urithi wetu," ndivyo lilivyosema. Bibi alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Urithi," alisema. "Urithi wa nani? Mimi urithi wangu ni ndoo."

Alipiga simu Mill Bottom. Mchungaji akaahidi basi zima la watu, wakaandaliwa wasemaji. Bibi alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: sauti ile isirudi juu ya matofali ya baba yake. Nyla aliomba amsindikize.

Alhamisi ile Bibi alifuata saa yake ya ukutani, kama kawaida. Iliposema saa moja walikuwa wanapanda ngazi za ukumbi wa mji, na saa nyingine zote duniani zilisema kumi na mbili. Nyla alikuwa ananung'unika.

"Bibi, tutakaa saa nzima tunatazama viti."

"Viti havijawahi kumdhuru mtu."

Mlangoni palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi ya plastiki: kikao kitaanza mapema, saa kumi na mbili. Nyla aliisoma, akahisi uso wake unawaka. Bibi aliisoma taratibu, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akasukuma mlango.

Wajumbe watano ndiyo kwanza walikuwa wanakaa. Mwenyekiti, Dale Hostetter, aliinua macho.

"Mmekuja mapema, mama."

"Nimekuja sawasawa na ninyi. Karatasi hiyo ilibandikwa lini?"

"Adhuhuri. Ni halali kabisa. Tulikuwa na ratiba ndefu."

"Basi letu lililojaa watu liko njiani. Litafika saa moja, kama mlivyotangaza."

"Tunasikitika. Tangazo lipo mlangoni."

"Zamani lilikuwa gazetini," alisema Bibi Verlene. "Mmejitahidi, linazidi kutusogelea."

Walimpa dakika tatu. Alisimama akishikilia kiti cha mbele yake, akawaeleza habari ya Orrin Tolliver, mwashi, na ndoo yake. Hakupaza sauti. Nyla hakuelewa mtu anawezaje kusema maneno yale bila kupiga kelele. Ukumbini kulikuwa na wenyeji wachache. Mzee mmoja wa umri wa Bibi, kofia ya wastaafu wa zimamoto magotini, aliviangalia viatu vyake mwanzo hadi mwisho.

"Asante, mama," alisema mwenyekiti. "Inasikitisha, kama ilitokea. Ila hakuna mtu hapa anayekumbuka king'ora kikitumika hivyo."

"Mimi ni mtu," alisema Bibi Verlene. "Na niko hapa."

Alimtazama yule mzee. Mzee hakuinua uso.

Kura ilikuwa watatu kwa wawili. King'ora kikanunuliwa. Basi la Mill Bottom lilipofika, likakuta taa za ukumbi zimezimwa, na Bibi amekaa kwenye ngazi na mjukuu wake anayelia.

"Usilie," alimwambia. "Machozi ni maji. Yatunze."

*

Siku king'ora kipya kilipopangwa kulia kwa mara ya kwanza, Bibi Verlene alizima jiko alasiri. Alimwambia Nyla abebe kiti cha kukunja. Yeye mwenyewe alibeba ndoo ya baba yake, ameijaza maji nusu, na kwa nyonga ile walikwenda pole pole mpaka kituo cha zimamoto. Walipofika hapakuwa na mtu. Akafungua kiti chini ya ngazi za matofali, akakaa, akaweka ndoo miguuni. Wakakaa hapo muda mrefu. Magari yalipunguza mwendo. Mtu mmoja alipiga honi na kutukana. Mwanamke mmoja aliegesha gari, akaja akasimama nyuma ya kiti.

Mwishoni kijana wa zimamoto akatoka.

"Mama, unahitaji msaada?"

"Hapana, mwanangu. Nasubiri moto."

"Moto? Wapi?"

"Hilo ndilo swali. Baba yangu alikuja hapa kuuliza moto uko wapi. Hajajibiwa mpaka leo. Kila jioni mtakapopiga hicho kitu, mtanikuta hapa na maji. Siku mtakayonijibu, nitarudi nyumbani."

Kijana alikuna kichwa, akaitazama ndoo, akaondoka kwenda kumwita mkubwa wake.

Nyla alichutama kando ya kiti. Alitoa simu kuangalia muda. Ilikuwa bado dakika kadhaa kabla ya king'ora, na wao walikuwa pale tangu saa kumi na moja. Swali lile la zamani likampanda kooni, likiwa zima kama alivyolimeza.

"Bibi," alisema, "kwa nini saa yako inadanganya?"

Bibi Verlene hakumtazama. Alikuwa anatazama juu, paani. Alivuta ndoo karibu zaidi na miguu yake.

"Haijadanganya hata siku moja. Mji huu ulimtangulia baba yangu kwa saa moja, wakamvunja mkono. Mimi hawajanitangulia. Na leo umeona nani amefika wa kwanza."